Mama Mkwe Alivyomeza Maneno ya Bwana Meneja

RISALA YA WAFANYAKAZI WA OFISI YA MAJI KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUZINDUA MASHINE MPYA YA FOTOKOPI

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi Mkuu; Bwana Meneja uliyeketi kulia kwake; wakuu wa vitengo; mafundi wa mabomba mliosimama nyuma kwa sababu viti vimewahiwa na kitengo cha hesabu; na wewe mashine mpya uliyefungwa utepe mwekundu kama bibi arusi:

Sisi wafanyakazi wa ofisi hii tunakusalimuni nyote.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu. Umeacha mafaili mezani na simu zinalia ili uje kukata utepe wa mashine ambayo ukubwa wake haufikii kabati la nguo. Mwingine angemtuma msaidizi. Wewe umekuja mwenyewe, tena mapema, ukatukuta bado tunapuliza vumbi kwenye viti. Mgeni anayewahi huona jinsi nyumba inavyofagiliwa, nasi hatuna la kuficha.

Bwana Meneja aliomba kuiona risala hii kabla haijasomwa, na tulimwonyesha. Aliona ukurasa wa kwanza, akaupenda, akatia sahihi. Kurasa zilizobaki wakati ule zilikuwa bado vichwani mwetu, na kichwa hakitiwi sahihi.

Anayewasomea ni dereva wa gari la mafundi. Tulimchagua kwa ajili ya sauti yake, ambayo imezoea kushindana na injini. Ni kweli pia kwamba mtu tutakayemtaja sana leo amemwoa dada yake. Tulimwapisha asipendelee. Akasema atajitahidi, lakini damu ni nzito kuliko maji, hata katika ofisi ya maji.

TULIKOTOKA

Kabla ya huyu bibi arusi tulikuwa na Mama Mkwe. Ndilo jina la mashine yetu kuukuu iliyo mwisho wa korido, mkabala na stoo. Jina hilo ilipewa na anayeiendesha, ambaye jina lake mwenyewe limebaki kwenye orodha ya mishahara tu. Dereva wetu alipomleta hapa kazini alimwita shemeji, kwa haki yake. Mafundi wakadakia. Makarani wakadakia. Siku hizi hata wateja hupitisha kichwa dirishani wakauliza, "Shemeji yupo?"

Basi Shemeji alipokabidhiwa ile mashine, akaitazama ilivyojaa chumba, inavyonguruma kabla hujaigusa, inavyotaka unyenyekee ndipo ikupe kitu. Akasema, "Aa, huyu namjua. Huyu ni mama mkwe." Tangu siku hiyo hakuingia chumba cha nakala bila kupiga hodi.

Tusimpambe kupita kiasi. Shemeji si mtaalamu wa mashine. Kazi aliijua kwa kutazama wengine, na akikwama hutumia kiganja: kofi moja ubavuni, kisha "samahani, mama."

Siku ya kumuaga meneja aliyetangulia, karatasi za ratiba zilitoka na mstari mweusi kutoka juu mpaka chini. Ulipita katikati ya picha ya yule mzee, kipajini, puani, kidevuni, akaonekana kama shati lililopigwa pasi vibaya. Shemeji akabadilisha tona, ile kopo ya wino. Mstari upo. Akafuta kioo kikubwa mpaka ungeweza kunyolea ndevu humo. Mstari upo. Mke wake, aliyekuwa amemletea chakula, akaweka kapu chini, akatazama kidogo, akauliza:

"Mbona ukilaza karatasi juu ya kioo mstari hauji, ila ukiziacha zijivute zenyewe huku juu ndio unakuja?"

Shemeji akaweka karatasi chini. Akainama kwenye kile kijioo chembamba ambacho karatasi hukipitia zikijivuta, akakuta tone la wino mweupe wa kufutia makosa, limekauka, dogo kama punje ya mtama. Akalikwangua kwa ukucha. Mstari ukaisha.

"Nilikuwa nakaribia kuliona," akamwambia mkewe.

"Najua, mume wangu," mke akajibu, na mpaka leo hatujui alimaanisha nini.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, baada ya hapo tulijaliwa kupata Bwana Meneja tuliye naye. Mafanikio yake ni mengi na tunaomba makofi kabla hatujayataja.

La kwanza, mali ya ofisi sasa iko salama. Bwana Meneja alichapisha lebo za gundi zenye neno moja, HAIGUSWI, zikabandikwa kwenye kila kitu chenye mfuniko: makabati, birika, boksi la huduma ya kwanza. Siku karani wa mapokezi alipojikata na stepla ilibidi asubiri ruhusa huku ameinua kidole kama anayejibu swali. Mtunza stoo, mtu mtiifu sana, hakumsahau Mama Mkwe. Alifungua mlango wake wa mbele, akakuta ndani kuna kifuniko kingine, akaona mali ya ndani nayo ni mali. Akabandika lebo pale kifuniko kinapokutana na bodi, nusu huku na nusu kule, kama lakiri, ili mtu asikifungue bila kuichana.

La pili, tumebana matumizi ya karatasi. Bwana Meneja alitufundisha kwamba nafasi tupu pembeni mwa ukurasa ni upotevu. Tangu hapo maneno yetu yote huanzia ukingoni kabisa, kama abiria aliyekaa mlangoni.

La tatu ni matangazo. Ofisi hii haijawahi kutangaziwa mambo kwa wingi namna hii. Na Bwana Meneja ana mtindo wake, ambao hata watoto wetu nyumbani wameujua: kila sentensi inasimama katika mstari wake, haina namba mbele, na inaanza na "Ha". Hakuna. Hatutaki. Hamruhusiwi. Wapo mafundi waliompa jina kwa sababu hiyo. Jina hilo hatulisomi leo, kwa heshima ya meza kuu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kila penye mafanikio hapakosi changamoto, na ya kwetu ilikuja kwa rangi nyeupe.

Baada ya zile lebo kubandikwa, Shemeji alianza kuona kwamba karatasi zinatoka na mstari mweupe upande wa kushoto, mwembamba, umenyooka toka juu hadi chini. Palipopita mstari ule, wino haukai. Lakini siku zile kurasa zetu zilikuwa bado na nafasi pembeni, kwa hiyo mstari ulipita patupu, hapana aliyeuona ila yeye. Ukamkera kama uzi uliobaki kati ya meno.

Akaitoa tona, akaitikisa, ikamtapikia shati. Mstari upo. Akadhani karatasi zimepata unyevu, akazianika ukutani nje. Upepo ukazichukua, tukamsaidia kuzikimbiza hadi kwenye matangi. Mstari upo. Akakumbuka maneno ya mkewe, akajaribu kulaza karatasi kioo kikubwa, kisha akajaribu kuziacha zijivute. Mstari kotekote. Basi akajua kwamba safari hii tatizo haliko juu, liko tumboni. Akafungua mlango wa mbele, akaona kile kifuniko cha ndani, akaona HAIGUSWI imekaa pale imemkodolea macho. Akaufunga mlango polepole. Akachukua karatasi ya mfano, akaenda ofisini kwa Bwana Meneja kuomba fundi.

Mhazili, ambaye meza yake iko mlangoni pale, aliyasikia yote.

"Sioni kitu," alisema Bwana Meneja, akiigeuzageuza karatasi.

"Ndilo tatizo lenyewe, bosi. Ni mstari mweupe."

"Kwenye karatasi nyeupe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umekuja kulalamika kwamba karatasi ni nyeupe."

"Nimekuja kusema kuna kitu kinazuia mwanga humo ndani, bosi. Leo kinapita pembeni, kesho..."

"Hakuna haja ya fundi. Karatasi zinasomeka. Kafanye kazi."

Shemeji akarudi akafanya kazi. Haukupita muda mrefu ndipo likatoka lile agizo la maneno kuanzia ukingoni. Na hapo, Mgeni rasmi, maneno yetu yakahamia chini ya mstari.

Tangazo lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote. Bwana Meneja alilitunga mwenyewe, mhazili akalichapa kama lilivyo. Lilisomeka hivi:

Hakutakuwa na likizo ya mwisho wa mwaka.
Hatutavumilia wanaochelewa.
Hamtaruhusiwa kuondoka kabla ya saa kumi siku ya Ijumaa.
Hakuna chai wakati wa kazi.
Hatutasikiliza malalamiko ya mdomo.
Hakuna mjadala.

Karatasi hiyo mama ilibaki kwa Bwana Meneja, imebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Zilizokwenda kwenye vituo vya pampu, kwenye karakana na kwenye madirisha ya wateja ni nakala za Mama Mkwe. Naye Mama Mkwe, kwa ule mstari wake wa kushoto, alikuwa amemeza herufi mbili za mwanzo wa kila sentensi. Sisi tulichopokea ni hiki:

kutakuwa na likizo ya mwisho wa mwaka.
tutavumilia wanaochelewa.
mtaruhusiwa kuondoka kabla ya saa kumi siku ya Ijumaa.
kuna chai wakati wa kazi.
tutasikiliza malalamiko ya mdomo.
kuna mjadala.

Utauliza, Shemeji hakuona? Tulimuuliza hilo. Alisema mpiga nakala ni kama mpishi wa harusi, hamuulizi bwana harusi amempendea nini bibi arusi. Tukamuuliza tena. Akakohoa.

Kwenye kituo cha pampu cha juu mlinzi alilisoma tangazo, akavua kofia, akalisoma upya. Karakana waliita mtu mwenye miwani. Tuliona sentensi zinaanza kwa herufi ndogo, na karani mmoja akatueleza kwamba huo ni unyenyekevu: mkubwa amejishusha. Wengine machozi yaliwalenga. Tukasema, kumbe tulimdhania vibaya. Na kwa kuwa asiyeshukuru kwa kidogo hawezi kushukuru kwa kingi, tukachagua wazee watatu wa karakana, wakanawa grisi, wakaenda kwa Bwana Meneja.

"Tumekuja kushukuru," alisema mkubwa wao.

Bwana Meneja akaweka kalamu chini. "Kushukuru nini?"

"Tangazo, baba. Limetugusa."

Mhazili anasema hajawahi kumwona vile. Alitazama ukutani nyuma yake, akawatazama wazee, akavuta viti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mmelielewa?"

"Tumelielewa sana. Wake zetu wamelielewa kupita sisi."

"Mnajua," akasema, na sauti ilikuwa imelegea, "popote nilipofanya kazi watu walinikasirikia kwa matangazo. Hakuna aliyewahi kuja ofisini akaniambia asante. Nilijua iko siku watu wataelewa kwamba nawatakia mema."

"Tumeona mema yako, baba."

"Basi kila kilichoandikwa mle kifuateni neno kwa neno. Msiongeze, msipunguze."

"Neno kwa neno," wakaitikia wazee, wakatoka kinyumenyume. Mgeni rasmi, tunaomba maneno hayo uyashike: neno kwa neno. Mashahidi ni wazee watatu, na mhazili.

Tukayafuata. Na hatukuyafuata kivivu. Mama msoma mita ambaye humpeleka mtoto kliniki asubuhi alipochelewa, hakuruka tena ukuta wa nyuma na kuchana sketi. Alipita getini, akasalimia, akafanya kazi yake yote. Chai ilinywewa, na watu waliokuwa wakitoroka kwenda kuitafuta nje wakabaki hapa. Kisha akaja yule mama mwenye nyumba wa mtaa wa mlimani, ambaye kila akija dirishani alikuwa akiambiwa akaandike, naye macho yamekwisha. Safari hii alivutiwa kiti akasikilizwa. Alisema usiku akilala anasikia maji yanapita chini ya uga wa shule, na asubuhi bomba lake ni kavu. Mafundi wakachimba, wakakuta mpasuko unaoweza kuingia ngumi. Kiangazi kile, mtaa wa mlimani ulipata maji. Tulikuandikia ripoti, Mgeni rasmi, nawe ukamletea Bwana Meneja salamu za pongezi. Akazibandika chini ya tangazo lake.

Hivyo yeye alifurahi kwa lake, sisi tukafurahi kwa letu, na nyumba ikatulia. Mpaka Ijumaa moja Bwana Meneja alipotoka ofisini alasiri kutafuta faili.

Kwa kawaida Ijumaa alasiri hubaki ofisini kwake akipiga hesabu za wiki, mlango umefungwa. Siku hiyo akaukuta ukumbi umebaki na paka tu. Viti vimesukumwa ndani, taa zimezimwa vizuri. Watu pekee waliokuwepo ni mlinzi wa getini, na Shemeji, aliyekuwa akimalizia nakala za bili.

"Watu wako wapi?" Bwana Meneja alimuuliza mlinzi.

"Wameondoka, mkubwa. Kabla ya saa kumi, kama ulivyoagiza."

"Nani kaagiza?"

Mlinzi akabandua tangazo kibandani, akampa. Bwana Meneja akalisoma akiwa amesimama. Akalisoma tena akiwa ameketi kwenye kiti cha mlinzi. Kisha akaenda moja kwa moja chumba cha nakala, na hakupiga hodi.

"Wewe! Nani kakutuma kufuta maneno yangu?"

"Sijafuta kitu, bosi. Ni ule mstari niliokuletea."

"Mstari! Mstari unaojua kuchagua 'Ha' peke yake? Mashine inajua sarufi?"

"Haichagui, bosi. Wewe ndiye uliyezipanga zote pembeni."

Hili jibu, Mgeni rasmi, lilikuwa la kweli, ila kweli nyingine zina saa yake. Jumatatu Shemeji alikuta barua. Ameondolewa kwenye mashine kwa hujuma, faili lake linapelekwa kwako makao makuu afukuzwe, na wakati akisubiri atakaa stoo akichambua mipira ya bomba. Akapewa koti la kijivu linalomfika magotini.

Sisi tunaokula naye mchana tuliona alivyokuwa. Mtu wa maneno akawa wa kuitikia tu. Nyumbani aliwaambia watoto amepandishwa cheo, ndiyo maana anavaa koti. Mke wake hakusema kitu mbele yao. Walipokuwa peke yao akamuuliza, "Ulijua?" Akamjibu kwamba alipoona nakala ya kwanza alisoma mstari wa chai, akacheka, akadhani Bwana Meneja amebadilika. Alipofika "kuna mjadala" akashtuka. Lakini alikuwa ameshaomba fundi akaambiwa hakuna haja, na karatasi, kama alivyoambiwa, zilikuwa zinasomeka. "Basi nikaendelea kubonyeza," akasema. "Nilibonyeza huku naogopa, na huku nafurahi." Mke akamwambia, "Ungekuja kuniambia, tungefurahi wote." Haya dereva ameyapata kwa dada yake, na tumemruhusu kuyasoma kwa masharti kwamba yeye hakuyasikia.

Bwana Meneja, kwa kuwa ni mtu wa haki, na tunasema hivi bila mzaha, alikubali ufanywe uchunguzi. Fundi ambaye hakukuwa na haja naye akaitwa. Akaja dada mmoja mnene, mpole, mkoba begani, anatafuna karanga. Alitukuta tumejaa korido nzima.

Hakugusa kitu kwanza. Aliomba karatasi mbovu, akaziangalia kwa mwanga wa dirisha. Huku akichapa ukurasa kutoka kwenye kompyuta alikuwa anazungumza, kama mtu anayesuka nywele: mstari mweusi, tafuteni uchafu kwenye kioo. Doa linalojirudiarudia kwa nafasi ileile, tafuteni kitu cha mviringo, maana kinazunguka na kidonda chake. Maandishi yakifutika kwa kidole, moto hautoshi kuyaivisha. Na mstari mweupe?

"Mwanga umezibwa," akasema. Ukurasa wa kompyuta nao ulitoka na mstari. "Kioo cha juu hakihusiki. Tufungue ndani."

Akafungua mlango wa mbele, akatoa tona, akakifikia kifuniko cha ndani. Akasimama.

"Nani kaweka hii?"

 Mtunza stoo alianza kutazama dari.

Dada fundi akashika lebo kwa kucha, akaivuta. Nusu ya juu ilikuwa imekaa vizuri, inasomeka. Nusu ya chini, kwa lile joto la mashine, gundi ilikuwa imelainika, ikajikunja, ikaingia chini ya kifuniko na kulala juu ya ufa mwembamba ambao mwanga hupita kwenda kuandika. Ilikuwa imeziba upana wa herufi mbili. Akaitoa yote, akampa aliyekuwa karibu naye, ambaye kwa bahati alikuwa Bwana Meneja.

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, kilichokula "Ha" za Bwana Meneja ni HAIGUSWI yake mwenyewe. Na kilichomzuia Shemeji kuitafuta ni ileile.

Tulitegemea mengi. Wengine walikuwa wameshaweka mguu mmoja nyuma. Bwana Meneja aliitazama ile lebo imemganda kwenye kidole gumba, akajaribu kuibandua, ikahamia kidole cha pili. Kisha akamwomba Shemeji wabaki wawili. Tukatoka. Mlango ulibaki wazi kidogo, si kwa makusudi yetu. Bawaba zake ni mbovu.

Alikaa juu ya boksi la karatasi. Hakuzungumzia nidhamu, hakuzungumzia Ijumaa. Alisema, "Kwa hiyo wale wazee hawakuja kunishukuru mimi."

Shemeji alisimama pale na koti lake la kijivu. Angeweza kumjibu vibaya; siku hiyo hakuna ambaye angemlaumu. Akasema, "Walikuja kwako, bosi. Wangetaka kuishukuru mashine, wangekuja huku."

Bwana Meneja akaitazama lebo kidoleni. Halafu akauliza kama kuna chai.

MAOMBI

Mgeni rasmi, mwomba chumvi huombea chungu chake. Sisi tunaombea ofisi nzima, na maombi yetu si mazito.

Kwanza, faili la Shemeji liko katika mkoba wako. Bwana Meneja alishakuandikia lirudishwe, ila barua zake na mkoba wako havijakutana. Tunaomba vikutane leo. Mashine mpya imekuja na kitabu kinene na vibonyezo kama nyota, na asubuhi hii ilipowashwa ilitoa karatasi nyeusi tupu, kisha ikaomba ihudumiwe. Aliyejua kuibembeleza alikuwa stoo anachambua mipira.

Pili, tunaomba mashine hii iguswe.

Tatu ndilo lililotunyima usingizi. Tangazo lile halijafutwa mpaka leo, na halijathibitishwa. Limening'inia. Ukutani kwa Bwana Meneja lina "Ha", kwetu halina, na mwisho wa mwaka unabisha hodi. Hatukuombi wewe utuamulie. Utakuwa umemvunjia mwenye nyumba mlango. Tumeziweka karatasi zote mbili mezani pake, chini ya glasi ya maji. Tunakuomba umuulize tu, hapa mbele ya watu wake na wake zao: katika hizi mbili, ipi ni yako?

Tulimshukuru, Mgeni rasmi. Shukrani ikishatoka mdomoni hairudishwi dukani. Tungependa ibaki yake, kwa haki.

(Mhazili aliyekuwa akiandika kumbukumbu za hafla ameongeza hapa: Mgeni rasmi hakuuliza. Alimgeukia Bwana Meneja tu, akamtazama. Bwana Meneja aliondoa glasi, akazivuta karatasi mbili, akaziweka sambamba.  Ile yenye "Ha" aliikunja mara nne akaitia mfukoni. Ile ya Mama Mkwe akaitia sahihi. Watu walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele alipoinua mkono wanyamaze, akarudi juu ya ukurasa, na kwa kuwa mtu wa utaratibu ni mtu wa utaratibu, akaanza kuzirekebisha zile herufi ndogo moja moja ziwe kubwa. Kutakuwa. Tutavumilia. Mtaruhusiwa. Alipofika mstari wa mwisho kalamu ilisimama hewani muda kidogo. Kisha akaandika K. Mgeni rasmi naye akafungua mkoba, akatoa faili, akaandika juu ya jalada lake, akamkabidhi msomaji. Dereva hakulisoma kwenye kipaza sauti. Alimtafuta dada yake kwa macho, safu ya nyuma, akamwinulia kidole gumba. Ndipo akaendelea.)

KUKUAGA

Mgeni rasmi, mkasi uko kwenye sinia. Mungu akujalie safari nyepesi, mezani pako pasiwe na barua isiyojibika, nyumbani kwako bomba lisikauke wala lisivuje. Amjalie Bwana Meneja watu wa kumgongea mlango wake kwa heri. Amjalie Mama Mkwe mapumziko mema huko stoo anakohamia, na huyu bibi arusi amjalie subira, maana amekuja kwenye ukoo mkubwa.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ofisi ya Maji,
wa mezani, wa madirishani na wa mitaroni.